Mwalimu aliyegoma kuimba

Kuna wimbo mmoja ambao kama umewahi kuhudhuria harusi mjini, au kusikiliza vipindi vya mapenzi redioni baada ya saa nne usiku, lazima unaujua. Unaitwa Unchained Melody. Ukiuliza nani aliuimba, wengi watakwambia Righteous Brothers, ile rekodi ya mwaka 1965 iliyokuja kufufuliwa na filamu ya Ghost mwaka 1990. Hata mimi nilikuwa najibu hivyo hivyo, tena kwa kujiamini. Kumbe miaka kumi kabla ya rekodi hiyo wimbo ulikwishaimbwa, kwa mara ya kwanza kabisa, na Mmarekani mweusi aliyeigiza kama mfungwa katika filamu ya jela iliyoitwa Unchained. Ndiyo maana wimbo una jina hilo, ingawa neno lenyewe halimo kabisa kwenye mashairi yake. Ukibisha, usikilize tena.

Mtu huyo ni Todd Duncan. Na ngoja nikwambie, wimbo ule ni jambo dogo tu katika maisha yake.

Duncan alizaliwa mwaka 1903 huko Danville, jimbo la Kentucky. Mama yake alikuwa mwalimu wa muziki. Kijana akasoma Butler University hadi kupata shahada mwaka 1925, baadaye akachukua shahada ya uzamili Columbia, New York, mwaka 1930. Mwaka uliofuata akaajiriwa kufundisha uimbaji katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichotoa wanasheria, madaktari na wasomi wengi wa Marekani weusi. Kwa maneno mengine, kabla dunia haijamsikia alikuwa na chaki mkononi.

Sauti yake ilikuwa baritoni. Kwa wale wenzangu wa kwaya: unamjua yule jamaa ambaye tena inamshinda kule juu na besi inamshinda kule chini, mwalimu wa kwaya akabaki anamhamisha hamisha? Kwenye opera huyo ana nafasi yake, na nafasi nzuri kweli. Opera ni tamthilia ambayo maneno huimbwa badala ya kusemwa, tena bila maikrofoni, huku okestra nzima ikipiga mbele yako. Hapo ndipo unapojua nani ana mapafu.

Tatizo la Duncan halikuwa mapafu. Miaka ya 1930 makampuni makubwa ya opera Marekani hayakuwa yakimchukua mwimbaji mweusi. Mwaka 1934 alipata nafasi New York katika Cavalleria rusticana, opera ya Kiitaliano iliyoandaliwa na waimbaji weusi watupu. Wakati huo mtunzi George Gershwin alikuwa akihangaika kutafuta mtu wa kuimba Porgy, ombaomba mlemavu, mhusika mkuu wa opera yake mpya kuhusu watu weusi wa Charleston. Mkosoaji wa muziki Olin Downes akamtajia jina la Duncan.

Hapa ndipo ninapompenda huyu bwana. Mtu mwingine angekimbia. Gershwin alikuwa tajiri na maarufu. Duncan, msomi wa muziki wa kina Schubert na Brahms, akamwona ni mtunzi wa nyimbo za mitaani tu. Akaenda nyumbani kwake bila papara, akaimba wimbo wa zamani wa Kiitaliano. Haukufika mbali, Gershwin akamuuliza kama atakubali kuwa Porgy wake. Duncan akajibu kwamba itabidi kwanza ausikie huo muziki! Akausikia, na akakubali.

Porgy and Bess ilifunguliwa Boston tarehe 30 Septemba 1935, ikahamia New York Oktoba 10. Duncan ndiye Porgy, akiimba karibu onyesho zima akiwa amepiga magoti. Bess alikuwa Anne Brown, binti wa miaka 23. Maonyesho yakafika 124, kisha msafara ukaanza kuzunguka miji mingine. Kituo cha mwisho, Machi 1936, kilikuwa Washington.

Sasa fikiria. Huo ndio mji anaofundisha. Wanafunzi wake wako pale Howard, wahadhiri wenzake wako pale, majirani wako pale. Na ukumbi uliopangwa, National Theatre, hatua chache kutoka Ikulu ya Marekani, ulikuwa hauwauzii tiketi watu weusi. Jukwaani watajaa weusi, kwenye viti weupe watupu. Yaani mwanafunzi anayemwona mwalimu wake kila wiki darasani asiruhusiwe kumwona akiwa kazini.

Duncan na Brown wakasema hawaimbi. Uongozi wa ukumbi ukaanza biashara ya sokoni: basi weusi waje maonyesho ya mchana, basi wakae roshani ya juu. Duncan akakataa kila bei. Msimamo wake ulikuwa mmoja: mtu yeyote anunue tiketi ya kiti chochote. Kati ya wahadhiri wa Howard waliolishughulikia suala hilo alikuwamo Ralph Bunche. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950, na ambaye mwaka 1937 huko London alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta. Dunia hii ndogo sana.

Ukumbi ukasalimu amri. Kwa siku zile chache weusi na weupe wakakaa pamoja pale kwa mara ya kwanza. Msafara ulipoondoka, ubaguzi ukarudi mahali pake kama mwenye nyumba aliyetoka kidogo. Mwaka 1948, baada ya chama cha waigizaji kugoma, wenye ukumbi waliona afadhali waache maigizo na kuonyesha sinema kuliko kuwauzia weusi tiketi. Ulirudia maigizo mwaka 1952, safari hii kwa watu wote.

Septemba 1945 Duncan aliimba nafasi ya Tonio katika Pagliacci na New York City Opera, mweusi wa kwanza kuimba na kampuni hiyo. Uzito wa tukio lile ni kwamba Tonio si mhusika mweusi. Ni mchekeshaji wa Kiitaliano mwenye wivu, na waliomzunguka jukwaani walikuwa weupe. Metropolitan Opera, baba lao, ilisubiri hadi Januari 1955 kumpandisha Marian Anderson, na wiki tatu baadaye baritoni Robert McFerrin, baba wa yule Bobby McFerrin wa Don't Worry, Be Happy. Duncan alikuwa na miaka 51, na hakuwahi kuimba pale.

Katikati ya hayo, mwaka 1949, aliigiza Stephen Kumalo katika Lost in the Stars, muziki wa Kurt Weill kutoka riwaya ya Alan Paton, Cry, the Beloved Country. Mchungaji wa Kizulu anakwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu serikali ya ubaguzi ishike madaraka Afrika Kusini, na New York wakaisikia habari hiyo kwa sauti ya mwalimu wa Howard.

Howard kwenyewe aliacha mwaka 1945, lakini kufundisha hakuacha. Alifungua darasa nyumbani kwake Washington, akafundisha pia Curtis Institute, Philadelphia. Anne Brown alichoka na Marekani, akahamia Norway mwaka 1948. Duncan akabaki. Hadi uzeeni wanafunzi walikuwa wakigonga mlango wake mmoja mmoja, kujifunza kuvuta pumzi. Alifariki Washington tarehe 28 Februari 1998, siku 16 baada ya kutimiza miaka 95.