Sindano ya mpigo mmoja

Birere, mjini Goma, kati ya maduka na mpaka wa kuelekea Gisenyi, sindano si kitu kigeni. Kuna ya takoni, kuna ya begani, na kuna serumu ya mshipani. Wachache wamekutana na ile isiyotibu chochote, inayotiwa mshipani ili mashine ione damu inavyokwenda. Historia yake inaigusa ardhi yetu.

Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga. Kuanzia 1922 kampuni ya Union Minière ilitoa radiamu kwenye mawe hayo huko Olen, Ubelgiji, na haukupita muda ikawa imelishika soko la dunia. Jasho la wachimbaji Wakongo limo katika miaka ya mwanzo ya tiba ya radiamu, na vitabu vingi vya udaktari haviwataji.

Miaka hiyohiyo ya 1920, mjini Boston, daktari Herrmann Blumgart alichukua chembe nururishi zinazotokana na radiamu, akazidunga kwenye mshipa wa mkono mmoja, kisha akazivizia kwa chombo kwenye mkono wa pili. Kwa mtu mwenye afya zilifika baada ya sekunde kama 18. Hapo ndipo ufundi wa mdungaji ulipoanza kuwa na uzito. Dawa ikiingia polepole, tone la kwanza hufika wakati la mwisho bado liko njiani, na kipimo hakina maana tena. Lazima iingie yote kwa mpigo, kama ndoo inayomwagwa mtaroni.

William Oldendorf na wenzake, huko Marekani, walieleza mbinu yao mwaka 1965: unabana mkono kwa mkanda wa kupimia presha, unadunga, kisha unauachia ghafla, na damu iliyozuiliwa inaisukuma dawa mbele. Mbinu ya pili inatumia kanula: dawa hukaa kwenye mrija, halafu inasukumwa haraka kwa maji ya chumvi. Mimi naiona hii ya pili kuwa bora. Haimbani mgonjwa, tena kanula hujaribiwa kwanza kwa maji ya chumvi matupu, kwa sababu dawa ikivuja nje ya mshipa, picha imeharibika. Inataka mshipa mnene wa kiwiko, hasa ule wa upande wa ndani.

Kongo haikubaki kuwa shimo la mawe tu. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kiliwasha TRICO I, mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika. Uliofuata, TRICO II, ulizimwa mwaka 2004.

Dawa inayotumika zaidi leo kwa vipimo vya namna hii, teknetiamu, hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya saa 6. Kinachoweza kusafirishwa mbali ni molibdenamu inayoizalisha, na hiyo nayo hupungua kwa nusu katika siku chini ya 3. Mzigo wa namna hiyo unahitaji ndege, na Januari 2025 vita viliufunga uwanja wa ndege wa Goma.