Wasifu Unaosomwa Mara Moja: WAWATA na Bibi Zetu wa Ilemela

Mama Mkatoliki akifariki Kirumba, Pasiansi au Buswelu, huku Ilemela jijini Mwanza, mwenyekiti wa jumuiya anajua kabla maturubai hayajafungwa. Jioni hiyohiyo rozari inaanza. Mwenye sufuria kubwa analeta, wa Sangabuye analeta kuni na mihogo, na wale wanaofanya biashara katika soko la samaki la Mwaloni hawaji mikono mitupu: dagaa wanaingia jikoni bila mtu kuandika popote. Siku ya mazishi akina mama wanavaa vitenge vya sare, wanampokea mwenzao mlangoni mwa kanisa na kumsindikiza hadi kaburini. Kisha msemaji wa familia anasoma wasifu: marehemu alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, wajukuu na vitukuu. Karibu na mwisho kuna sentensi moja tu: alikuwa mwanachama hai wa WAWATA. Karatasi inakunjwa, inaingia kwenye mkoba wa mtu, na haionekani tena.

WAWATA imetimiza zaidi ya miaka 50, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya historia yake huku kwetu imekwenda na karatasi za namna hiyo.

Kwa tarehe, habari ni fupi. Wanawake Wakatoliki Tanzania, ndio WAWATA, walianza kuwa chombo kimoja cha kitaifa mwaka 1972, chini ya Baraza la Maaskofu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha mwaka 1965, ukiwa umetoa hati maalumu juu ya utume wa walei, na maaskofu walitaka walei wajipange badala ya kungoja padri aseme. Nchini nako wanawake walikuwa wamezoea kukutana kwa katiba na ajenda. UWT, umoja wa wanawake wa nchi nzima, ilikuwapo tangu 1962. Duniani kulikuwa na muungano wa wanawake Wakatoliki tangu 1910. Mwanza wakati huo ilikuwa jimbo chini ya Askofu Renatus Butibubage. Ikawa jimbo kuu mwaka 1987, Anthony Mayala akiwa askofu mkuu wake wa kwanza.

Lakini akina mama walioingia WAWATA mwaka 1972 hawakuanzia sifuri. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa Algiers na Lavigerie mwaka 1868, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini kidogo ya Mwanza, mwaka 1883. Lavigerie aliweka sharti gumu: miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Miaka minne kwa mwanamke wa Kisukuma mwenye shamba, maji ya kuteka na mtoto mgongoni si jambo dogo. Na aliyekuwa mke wa pili au wa tatu alikuta mlango mwembamba zaidi, kwa kuwa Kanisa halikuitambua ndoa yake. Wapo waliosubiri ubatizo hadi uzeeni. Waliofaulu walirudi nyumbani wakiwa na katekisimu kichwani, wakaifundisha jikoni. Katekista alikuwa mwanaume na jina lake liliandikwa. Aliyewaamsha watoto kwenda kwa katekista hakuandikwa.

Algeria, nchi ya mji huo wa Algiers, ndiko alikozaliwa Mtakatifu Monika, mama yake Agostino, anayekumbukwa kila tarehe 27 Agosti. Akiwa karibu kufa, huko Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika. Alichotaka ni kukumbukwa altareni. Bibi wa Kayenze anayeacha wosia wa misa badala ya wosia wa kaburi la marumaru anasema jambo lilelile, hata kama hajawahi kusikia habari za Ostia.

Shule nazo zilifanya kazi yake. Sumve, katika Kwimba, ilifundisha walimu wa kike. Mama Maria Nyerere alisomea ualimu hapo. Wanawake waliopita katika shule za masista waliweza kuandika muhtasari wa kikao na kutunza hesabu, na chama bila watu wa namna hiyo hakidumu.

Ila kilichoipa WAWATA miguu ni jumuiya ndogondogo, vikundi vya majirani wanaosali pamoja. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa shirikisho lao la AMECEA, waliziweka mbele kuliko kazi nyingine zote za kichungaji. Kuanzia hapo Kanisa lilihamia uani. Wiki hii sala kwa mama fulani, wiki ijayo kwa jirani yake, na mwenye nyumba anatandika mkeka. Kwa mji uliokuwa unapanda vilima kwa kasi kama huu, ambako mtu wa Ukerewe amepanga na mtu wa Bukoba na mtu wa Tarime, jumuiya ilimpa mgeni watu wa kumzika. Ndiyo maana WAWATA ya Ilemela haikuwahi kuwa ya kabila moja, hata kama nyimbo zake zina mwendo wa Kisukuma.

Makubwa mengine yanafahamika. Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Mwanza. Mwaka 2012 Ilemela ikawa manispaa. Septemba 2022 WAWATA iliadhimisha miaka 50 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan.

Niseme na lisilopendeza. Vikao vya siku hizi vimejaa michango: ujenzi, sare mpya, safari ya hija, zawadi ya jubilei. Mjane asiye na fedha ya kitenge kipya anaona haya kukaa na wenzake, na nadhani bibi walioanzisha kazi hii, ambao wengi walisali kwa khanga zao za kawaida, wasingelielewa jambo hilo.

Ombi langu kwa viongozi wa WAWATA katika kila kigango cha Ilemela ni dogo. Nakala moja ya wasifu wa kila mwanachama anayefariki ibaki ofisi ya parokia, na ile sentensi moja ipanuliwe: alifanya nini, na nani, mwaka gani. Na msingoje msiba. Bibi walio hai waulizwe mwenyekiti wa kwanza alikuwa nani, walikutana uani kwa nani, mchango ulikuwa shilingi ngapi, nani aliwafundisha watoto sala kabla ya kigango kupata paa. Kaunta buku moja inatosha kuanzia.