Barua ya Siri, Jina la Hadharani

Waandishi wa siasa wa London wana hadithi moja wasiyochoka kuisimulia: kwamba Chama cha Wahafidhina humla kiongozi wake bila kupepesa macho, na Labour humlea wake hata akiwa hafai. Kwa kuangalia juujuu, hadithi inasimama. Kuanzia Julai 2016 hadi Oktoba 2022 Wahafidhina waliwaingiza Downing Street mawaziri wakuu wanne wapya, kila mmoja akirithi kiti cha mwenzake aliyeshindwa kuendelea. Labour, hadi mwaka 2025 unakwisha, hawakuwa wamewahi kumng'oa waziri mkuu wao kwa kura ya wabunge hata mara moja. Lakini kusema "ndivyo walivyo" ni maelezo ya kivivu. Ukitaka kujua kwa nini wa chama hiki humalizana kwa siku chache, na wa kile hunung'unika miaka mitatu bila kufika popote, jiulize kwanza kama anayetaka kiongozi aondoke analazimika kujitokeza.

Mwaka 1990 Wahafidhina bado walilazimika. Waziri mkuu Margaret Thatcher alikuwa ameshinda chaguzi kuu tatu, lakini kodi ya kichwa ilikuwa imewaingiza watu mabarabarani, na baraza lake lilikuwa limegawanyika juu ya Ulaya. Naibu wake, Geoffrey Howe, alijiuzulu tarehe 1 Novemba. Siku kumi na mbili baadaye alisimama bungeni na, kwa sauti yake ileile ya upole ambayo wengi waliizoea kusinzia nayo, akamchambua mkubwa wake mpaka ukumbi ukanyamaza. Michael Heseltine, waziri wake wa zamani, akachukua fomu ya kugombea uongozi. Kura zilipohesabiwa, Thatcher alikuwa na 204 na mpinzani wake 152. Kwa kanuni za wakati ule ushindi huo haukutosha: mshindi wa duru ya kwanza alipaswa kumzidi mwenzake kwa asilimia 15 ya wabunge wote wa chama, na yeye alipungukiwa kura nne. Wabunge wawili tu wangehama upande, angebaki. Jioni ya tarehe 21 mawaziri waliingia chumbani mwake mmoja mmoja, wengi wao wakimhakikishia kwamba wao binafsi wako naye, ila wanaona wenzao watamwangusha. Kesho yake akatangaza kuondoka.

Heseltine aliyempiga hakurithi kitu. Aliyerithi ni waziri wa fedha, John Major, ambaye siku zile za patashika alikuwa nyumbani akiuguza jino. (Sijui kama kuna jino jingine lililowahi kuwa na faida kubwa hivyo katika historia ya Uingereza.) Wabunge wenye tamaa waliliona hilo wakaliweka moyoni: anayejitokeza wa kwanza hupakwa damu, na damu haipendezi kwa wapiga kura.

Kanuni mpya za chama za 1998, zilizoandikwa chini ya uongozi wa William Hague, ziliutibu ugonjwa huo kwa dawa kali. Sasa halikuhitajika jina la mshindani. Kwa kanuni hizo, asilimia 15 ya wabunge walipoandika barua kwa mwenyekiti wa Kamati ya 1922, ambayo ni kamati ya wabunge wasio mawaziri, kura ya imani ilipigwa. Barua ni siri, na idadi yake anaijua mwenyekiti peke yake. Waziri anaweza kumpigia makofi kiongozi mchana na kumpigia kura ya kumkataa usiku, na asijulikane. Theresa May alishinda kura hiyo Desemba 2018 kwa 200 dhidi ya 117, na Mei iliyofuata akatangaza kujiuzulu. Boris Johnson alishinda Juni 2022 kwa 211 dhidi ya 148, akadumu mwezi mmoja tu kabla mawaziri wake hawajaanza kujiuzulu kwa makumi. Kura ya imani iligeuka kuwa mizani ya hadharani ya kumpima anayezama.

Dawa hiyo ilikuwa na sumu yake. Kumwangusha kiongozi bila kuulizana nani atafuata kuliwafanya wabunge wabomoe kwanza na kufikiri baadaye, na kwa kuwa uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa wanachama wa kawaida, mrithi aliweza kuwa mtu ambaye wabunge wenyewe hawakumtaka. Ndivyo alivyoingia Liz Truss, aliyemshinda Rishi Sunak kwa wanachama baada ya kushindwa naye katika kila duru ya wabunge. Bajeti yake ndogo ya Septemba 2022, yenye punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 lisilo na chanzo cha fedha, iliyumbisha soko la hati fungani mpaka Benki Kuu ikaingilia kati. Hakumaliza miezi miwili.

Labour wao wana desturi tofauti, na tukio linaloieleza vizuri ni la 1947. Mwaka ule ulianza kwa baridi kali na uhaba wa makaa ya mawe, na Agosti serikali ikalazimika kusitisha ubadilishaji huru wa pauni kwa dola baada ya wiki tano tu. Stafford Cripps, mmoja wa mawaziri wazito, aliona waziri mkuu Clement Attlee amechoka na kwamba waziri wa mambo ya nje, Ernest Bevin, ndiye anayefaa. Alitafuta wenzake. Naibu wa Attlee, Herbert Morrison, alikataa, kwa sababu alikitamani kiti hicho yeye mwenyewe. Cripps akaenda peke yake Septemba hiyo, akamwambia Attlee uso kwa uso aachie ngazi. Attlee hakufoka. Aliinua simu, akamuuliza Bevin kama anautaka uwaziri mkuu, Bevin akasema hautaki. Kisha Attlee akampa Cripps wizara mpya ya masuala ya uchumi, na njama ikaishia hapo, mpanga njama akitoka na cheo kikubwa kuliko alichoingia nacho.

Nakiri kwamba kanuni peke yake haielezi kisa hiki. Wakati ule kiongozi wa Labour alichaguliwa na wabunge tu, kama ilivyokuja kuwa kwa Wahafidhina kuanzia 1965, na bado hawakumgusa. Kilichowazuia kilikuwa kumbukumbu. Mwaka 1931 waziri mkuu wao, Ramsay MacDonald, aliwaacha wenzake akaunda serikali pamoja na Wahafidhina, chama kikamfukuza, na tangu hapo kosa la usaliti likawa zito kuliko kosa la kushindwa. Bevin, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alilelewa katika imani kwamba anayevunja mshikamano wakati wa mgomo hasameheki.

Imani hiyo ilipofifia, kanuni zilikuja kuchukua nafasi yake. Leo kiongozi wa Labour aliyeko madarakani huingia kwenye kura moja kwa moja, lakini anayemkabili lazima aungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge, kwa majina yanayotangazwa. Waziri mkuu Gordon Brown aliokolewa na ukuta wa namna hiyo. Waziri James Purnell alipojiuzulu usiku wa Juni 4, 2009, macho yote yalimgeukia waziri wa mambo ya nje, David Miliband, naye akabaki barazani. Januari 2010 mawaziri wa zamani Geoff Hoon na Patricia Hewitt waliwaandikia wabunge wote wa chama wakitaka kura ya siri juu ya uongozi. Walichokuwa wakiomba, kwa hakika, ni chombo cha Wahafidhina. Ombi lao lilizimika ndani ya siku moja.

Anayeshikilia kwamba ni suala la moyo laini atazame Australia. Labor ya huko ni ndugu wa damu wa Labour, imezaliwa nayo na vyama vya wafanyakazi, lakini wabunge peke yao ndio waliokuwa na kauli. Juni 2010 Julia Gillard alimwondoa Kevin Rudd, waziri mkuu aliyeko kazini, kwa usiku mmoja, na Rudd hakusubiri hata kura. Juni 2013 Rudd alimrudishia, 57 kwa 45. Alipokwisha kurudi aliufunga mlango nyuma yake: tangu Julai ile, kumlazimisha waziri mkuu wa Labor aingie kwenye uchaguzi kunahitaji saini za robo tatu ya wabunge wa chama. Anthony Albanese, waziri mkuu wa Labor aliyefuata, alimaliza muhula wake mzima na akashinda tena Mei 2025.

Mwaka huohuo wa 2025, London, waziri mkuu wa Labour, Keir Starmer, alikuwa na ushindi wa viti 411 alioupata kwa chini ya asilimia 34 ya kura, na umaarufu uliokuwa ukiporomoka. Naibu wake, Angela Rayner, alijiuzulu Septemba kwa suala la kodi ya nyumba aliyoinunua. Andy Burnham, meya wa Greater Manchester, alisema kuna wabunge wanaomshawishi, lakini yeye hakuwa mbunge na kwa hiyo hakuweza kugombea. Novemba watu wa karibu na Starmer waliwanong'oneza waandishi kwamba atapigana na yeyote atakayemkabili, na kidole kikaelekezwa kwa waziri wa afya, Wes Streeting. Asubuhi iliyofuata Streeting alikuwa na mahojiano ya televisheni yaliyopangwa zamani, akayatumia kukana. Siku ile mapigano yalikuwa kila mahali isipokuwa pale ambapo kanuni zingeyatambua: wabunge wapatao 80 waliotakiwa kusaini nyuma ya jina moja, na jina lenyewe lilikuwa halijatajwa na mwenyewe.