Nani Humchagulia Kijana wa Mpanda Chuo?

Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusafirisha madini ya risasi, si wanafunzi. Hata hivyo, ndiyo iliyowabeba vijana wengi wa eneo ambalo tangu mwaka 2012 tunaliita Mkoa wa Katavi, wakienda kutafuta elimu Tabora na kwingineko. Leo vijana hao wanauliza chuo gani kinafaa. Mimi, kama mwalimu wa chuo kikuu, naona swali hilo limetanguliwa na jingine zito zaidi: nani mwenye kuchagua?

Enzi za mkoloni uchaguzi haukuwapo, kwa kuwa mlango mkuu ulikuwa mmoja, Makerere. Chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU. Baada ya uhuru, dola ililipa, na dola ikachagua. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza sharti: mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, kisha apendekezwe na mwajiri pamoja na tawi la chama. Tunaweza kuulaumu mfumo ule kwa kumnyima kijana hiari, lakini aliyechagua walau alijua anachokitafuta.

Vyuo binafsi viliporuhusiwa katika miaka ya 1990, milango ikawa mingi. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilianzisha mfumo wa udahili wa pamoja. Mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Mwaka uleule, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Kwa maneno mengine, kijana alikabidhiwa hiari wakati dola yenyewe ikikiri kwamba baadhi ya milango haifai kuingiwa.

Hapo ndipo penye dhuluma ya kimyakimya. Kijana wa Dar es Salaam hupanda daladala akakitazame chuo na kuwahoji waliotangulia. Mwenzake wa Mishamo au Inyonga hutegemea tangazo la redio na maneno ya wakala, huku mzazi akiuza mpunga kulipia asichokijua. Hiari isiyo na taarifa ni kamari.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usianze na uzuri wa majengo. Thibitisha kwanza ithibati ya chuo, kisha ya kozi yenyewe: shahada kwa TCU, astashahada na stashahada kwa NACTVET. Chuo chaweza kusajiliwa ilhali kozi unayoitaka haijaidhinishwa. Uliza wahadhiri ni wangapi, maabara ipo au haipo, na mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi. Wala usidharau cha jirani: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani humu, katika nchi ya mpunga, mifugo na asali. Ukaribu pekee hautoshi kuwa sababu ya kuchagua, lakini umbali nao si sifa.

Kwenu watumishi wa umma: orodha ya vyuo na kozi zilizoidhinishwa ibandikwe katika kila shule ya sekondari na kila ofisi ya kata kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Gharama yake ni karatasi na gundi. Dola iliyoacha kumchagulia kijana chuo haijaondolewa wajibu wa kumwonesha njia.