Wakimbizi wa Mwaka wa 1994 katika Kivu: Shauri la Kuwapokea na Kuwapambanua



Katika vitabu vya yubile desturi yetu ni kuhesabu ubatizo, ndoa na matofali ya kanisa. Hesabu hizo ni nzuri, nanyi mtazikuta katika kurasa nyingine. Lakini historia ya parokia za Kivu haiwezi kuandikwa bila kutaja miaka miwili ile, tangu Julai 1994 mpaka Novemba 1996, wakati wakristu walipogawanyika mbele ya watu wote juu ya ulizo moja: je, mgeni anayekimbia vita apokelewe bila kuulizwa neno, ao apambanuliwe kwanza? Waliokuwa watoto siku zile leo ni wazazi, na wengi wamesimuliwa habari hiyo nusu nusu, kila mmoja kwa upande wa jamaa yake.

Inafaa kuanza mbali kidogo. Kivu haikujifunza kupokea wakimbizi katika mwaka wa 1994. Toka machafuko ya Rwanda ya mwaka wa 1959, Watutsi wengi walivuka mpaka, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, likawasaidia kupata mashamba pahali kama Bibwe na Ihula katika Kivu ya Kaskazini. Uasi ulipofika Kivu katika mwaka wa 1964, baadhi ya wakimbizi wale waliungana na waasi, wakitumaini kurudi kwao kwa nguvu ya silaha. Wengine wengi walikuwa wakilima tu. Serikali haikutenga hawa na wale, ikatoa amri ya kuwafukuza wote. Katika mwezi wa Agosti 1964, François Preziosi, mjumbe wa HCR katika Bukavu, aliuawa pamoja na mwenzake Jean Plicque wa shirika la kazi la kimataifa, walipokuwa wameenda kuwaangalia wakimbizi. Nadhani wazee wetu wachache waliokumbuka jambo hilo ndio walioogopa mapema zaidi katika mwaka wa 1994.

Tena, Afrika yenyewe ilikuwa imekwisha kuandika sheria juu ya shauri hili. Mapatano ya Umoja wa Afrika (OUA) yaliyofanywa Addis-Abeba tarehe 10 Septemba 1969 yalisema mambo matatu ambayo tungeyahitaji sana baadaye. Kwanza, mtu aliyetenda uovu wa vita ao uovu juu ya ubinadamu hana haki ya kuitwa mkimbizi. Pili, mkimbizi asitumie inchi iliyompokea ili kuishambulia inchi aliyotoka. Tatu, kwa ajili ya usalama, wakimbizi wakalishwe mbali na mpaka, kwa kadiri inavyowezekana. Maneno hayo si ya wazungu wasiojua desturi ya ukarimu wetu; yaliandikwa na Waafrika, waliojua ukarimu na waliojua vita.

Sasa tuje kwenye siku zenyewe. Toka tarehe 7 Aprili 1994, kesho yake ya kuuawa kwa Rais Habyarimana, mauaji ya jamii yaliteketeza Watutsi wa Rwanda pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Serikali iliyoongoza mauaji ilishindwa vitani. Katikati ya Julai, katika siku nne ao tano tu, watu wapata 850,000 walivuka na kuingia Goma. Wengine maelfu mamia walishuka Bukavu na Uvira, pahali ambapo Warundi walikuwa wamekwisha kukimbilia tangu kuuawa kwa Rais Ndadaye katika Oktoba 1993. Kipindupindu kilianza karibu mara moja. Udongo wa Goma ni jiwe la volkano, hauchimbiki; maiti zililazwa kando ya njia zikiwa zimefungwa katika mikeka. Waganga waliochunguza habari hizo walihesabu karibu wafu 50,000 katika mwezi wa kwanza.

Mbele ya maiti hizo, nani angesimama mpakani kuuliza maulizo? Parokia zilifungua milango ya makanisa na madarasa. Masista na wakatekista walibeba maji. Ninasema wazi kwamba walifanya vema, na sijaona sababu hata leo ya kuwalaumu. Lakini katika umati uleule walivuka askari wa jeshi lililoshindwa, Interahamwe na panga zao, mawaziri, maprefe na wakubwa wa komini, pamoja na feza za benki ya serikali. Askari wa Zaire waliwanyang'anya bunduki nyingi pale mpakani, zikalundikwa njiani. Silaha nyingine zilipita, na nyingine zikarudi kwa wenyewe kwa njia ya kununua.

Kisha kambi zilijengwa: Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga upande wa Goma, Kashusha na Inera upande wa Bukavu, na nyingine nyingi ndogo. Kibumba ilikuwa karibu sana na mpaka. Watu walikalishwa kwa kufuata komini walizotoka, na wakubwa walewale wakapewa kazi ya kugawanya chakula. Hapo ndipo shauri lilipoharibika. Mwenye kugawanya unga ndiye mwenye kutawala. Wakubwa waliongeza majina ya watu wasiokuwapo, wakauza kilichozidi, wakawatisha waliosema wanataka kurudi kwao. Na wengine waliosema hivyo waliuawa usiku.

Basi ugomvi ukawa wa wazi, na haukuwa wa pande mbili tu. Raia wengi wa Goma na wa Bukavu walisema: warudi, wote, leo. Sababu zao hazikuwa za chuki tupu. Miti ya Hifadhi ya Virunga ilikatwa kwa kuni siku kwa siku. Bei ya chakula na ya nyumba ilipanda. Wizi wa usiku ulizidi. Masisi ilikuwa imekwisha kuwaka moto toka mwaka wa 1993, jamaa na jamaa zikiuana, na kufika kwa Interahamwe kuliongeza mafuta. Katika Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa ndani ya makao ya sala. Haifai lakini kusahau kwamba wengine kati yetu walipata kazi katika mashirika, walikodisha nyumba na magari, wakauza makala kambini. Hao hawakusema sana habari ya kurudi.

Kati ya wasaidizi wa kigeni pia hawakupatana. Tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières liliondoka katika kambi za Zaire katika Novemba 1994, likisema kwamba halitaki kulisha wauaji. Mashirika mengine yalibaki, na Caritas pamoja nayo, yakisema kwamba mtoto mwenye kuhara hakuua mtu. Ninakubali kwamba pande zote mbili zilisema kweli. Walioondoka hawakupunguza nguvu za wakubwa wa kambi, na waliobaki hawakupata njia ya kumlisha mtoto bila kupita katika mikono ya mkubwa.

Tena liko jambo linalotugusa sisi wakristu kwa ndani. Kati ya wakimbizi walikuwamo mapadri na watawa, na kati yao wengine walishitakiwa kwa mambo mazito. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wakristu wa Rwanda katika Machi 1996 kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kuhesabiwa kuwa na kosa la watu wake waliotenda kinyume cha Injili, lakini watu hao wajibu juu ya matendo yao. Huko nako ni kupambanua: mtu mmoja mmoja, si kundi wala kabila.

Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, Mjezwiti, alisimama katikati ya mashauri hayo. Alikuwa amepewa uaskofu mkuu katika mwaka uleule wa 1994. Aliwatetea wakimbizi kwa sauti kubwa, akiandikia wakubwa wa inchi za nje, akikataa kila neno lililowaita wote wauaji. Vilevile aliwakemea askari wa Mobutu walioiba mali za raia. Wako waliomlaumu kwamba aliona zaidi machozi ya wale waliovuka kuliko damu iliyobaki nyuma yao. Lawama hiyo ilisemwa hata ndani ya Kanisa, na mwandishi mwaminifu hawezi kuificha. Lakini tukisoma aliyoyaomba, yaani usalama wa kweli kwa wenye kurudi, na haki isiyo ya kulipiza kisasi, tunaona kwamba hakuomba wauaji wafichwe.

Nani basi alikuwa na kazi ya kutenga wenye silaha na raia? Sadako Ogata, mkubwa wa HCR, aliomba msaada wa askari mara nyingi, maana shirika lake halikuwa na hata polisi mmoja. Katika Novemba 1994 Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali alipeleka mashauri mbele ya Baraza la Usalama: kikosi cha maelfu ya askari cha kulinda kambi, ao kikosi kikubwa zaidi cha kuwatenga watu kabisa. Inchi nyingi ziliulizwa, karibu zote zikakataa. Mwezi uleule, tarehe 8, Baraza lilikubali kuunda baraza la hukumu lililokaa Arusha. Lakini hakimu wa Arusha hakuweza kuingia Mugunga kumkamata mtu. Mwishoni HCR ililipa askari 1,500 wa Zaire, toka walinzi wa Rais Mobutu, walioanza kazi katika Februari 1995. Walipunguza wizi na mauaji kambini, ni haki kuwasifu kwa hilo. Kutenga watu hakukuwa kazi yao.

Inchi jirani haikupata njia bora. Tanzania ilipokea watu wapata 250,000 katika siku moja na usiku wake, mwishoni mwa Aprili 1994, wakakaa Benaco. Tarehe 31 Machi 1995 ikafunga mpaka.

Katika Kinshasa shauri liligeuzwa kuwa la siasa. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito liliamua kwamba wakimbizi na wahamiaji wote wa Rwanda na wa Burundi warudishwe bila sharti. Angalia neno lile "wahamiaji": liliwachanganya watu wa juzi na watu waliozaliwa kwetu, hata wale ambao babu zao walifika mbele ya mkoloni. Katika Agosti 1995 askari wa serikali walianza kuwafukuza kwa nguvu. Watu zaidi ya 10,000 walipelekwa mpakani katika siku chache, na wengine wengi zaidi walikimbilia milimani, mpaka amri ikasimamishwa. Katika Novemba 1995, katika mkutano wa Cairo, wakubwa wa inchi za Maziwa Makubwa waliahidi kuwatenga wenye kutisha wengine. Mwaka mzima ukapita.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo lilipo kosa la siku zile. Watu waligombana juu ya kupokea ao kufukuza, kana kwamba hapakuwa na neno la tatu. Aliyesema tuwapambanue aliitwa adui wa wakimbizi. Aliyesema tuwapokee aliitwa rafiki wa wauaji. Wakati ule Wahutu wasio na kosa walikuwa wafungwa wa wakubwa wao wenyewe, na kuwapambanua kungekuwa kuwafungulia. Nao waliokuwa na nguvu ya kufanya kazi hiyo walipendelea kutuma unga na maturubai.

Kilichofuata mnakijua. Katika Oktoba 1996 naibu wa gavana wa Kivu ya Kusini aliwaamuru Banyamulenge waondoke katika siku chache, akiwahukumu wote kwa asili yao. Vita vikalipuka. Askari wa AFDL pamoja na askari wa Rwanda walizishambulia kambi moja baada ya nyingine. Jioni ya tarehe 29 Oktoba, Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa njiani katika Bukavu, wakati mji ulipokuwa ukitekwa. Kaburi lake liko kwenye kanisa kuu. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama lilikubali kutuma jeshi la inchi nyingi chini ya uongozi wa Kanada. Siku ileile watu wa Mugunga walikuwa wameanza kurudi Rwanda kwa miguu, zaidi ya nusu milioni katika siku chache, na jeshi lile halikufika kamwe.

Wengine wengi waliingia msituni upande wa magharibi: Walikale, Tingi-Tingi, Kisangani, hata Mbandaka. Wenye bunduki waliwatumia wanawake na watoto kama ngao, na waliowafuata hawakuchagua walipopiga. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010 uliandika mauaji hayo pahali kwa pahali, pamoja na majina ya vijiji vyetu. Hivyo mapambanuo yaliyokataliwa kambini yalifanywa msituni kwa njia nyingine: mwenye miguu ya nguvu alipita, mzee na mtoto walibaki njiani. Waliopita na silaha zao walikuwa kati ya waliounda FDLR katika mwaka wa 2000, na raia wa Kalehe, wa Walikale na wa Masisi ndio waliowalipia kodi ya mazao yao miaka iliyofuata.