Rangi Tatu na Mabamba Yake

Tukitazama picha ya rangi katika kitabu, twaona majani mabichi, udongo mwekundu na mawingu ya kijivu, hata twadhani ya kuwa mpiga chapa ana wino wa kila namna. Lakini tukiiangalia kwa kioo cha kukuza, mara nyingi twaona vitone vya rangi chache tu. Rangi hizo zilitengwa kwanza, kila moja na bamba lake, kisha zikakutanishwa juu ya karatasi.

Kazi ya kupiga chapa kwa rangi ni ya zamani. Mwaka 1457, katika mji wa Mainz, Ujerumani, Johann Fust na Peter Schöffer walitoa kitabu cha Zaburi chenye herufi kubwa nyekundu na buluu kando ya maneno meusi. Lakini humo kila rangi ilikaa mahali pake, haikuchanganyika na mwenziwe.

Aliyefungua mlango wa kuzichanganya ni Jacob Christoph Le Blon, mchoraji aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1667. Wachoraji walijua ya kuwa manjano na buluu huzaa kijani, na nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Yeye akawaza: Ikiwa ndivyo, mabamba matatu yatatosha.

Alitwaa mabamba matatu ya shaba yenye kipimo kimoja, yaliyokwaruzwa uso wote kwa chombo chenye meno. Bamba la namna hii likitiwa wino hutoa rangi nzito kote. Bali palipolainishwa wino haukai. Basi ilimpasa kuutazama uso wa mtu na kujiuliza: Shavuni mna nyekundu kiasi gani? Manjano je? Na buluu? Kisha alilainisha kila bamba kwa kadiri ya jibu lake. Hakuwa na kamera. Jicho lake ndilo lililotenga rangi. Karatasi ile ile ilipigwa chapa kwa mabamba yote, moja baada ya jingine, na bamba likienda upande kidogo tu, wekundu wa midomo uliangukia kidevuni. Pengine aliongeza bamba la nne, la wino mweusi, ili kutia kivuli.

Mwaka 1719 Mfalme George wa Kwanza wa Uingereza alimpa hati ya kuilinda kazi yake. Chama cha biashara kikaundwa London, picha nyingi zikachapwa. Lakini gharama ilipita mapato, chama kikavunjika. Le Blon hakukata tamaa. Alieleza elimu yake katika kitabu, akahamia Ufaransa, akaanza tena katika uzee wake. Akafa Paris mwaka 1741.

Zaidi ya miaka mia ikapita. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alionyesha London jinsi picha tatu za kamera, zilizopigwa kwa kuchuja nuru, zinavyoungana kuwa moja yenye rangi. Mwaka 1868 Mfaransa Louis Ducos du Hauron alipata hati ya kutenga rangi kwa kamera. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na kwa kawaida rangi ni nne: buluu, nyekundu, manjano na nyeusi.

Wahenga walisema, Mchumia juani hulia kivulini. Le Blon alichumia juani. Lakini tunaokula kivulini ni sisi.