Mapambo ya Mwili katika Nchi ya Songwe: Mkono Ulioyafanya na Bei Iliyolipwa

Mwalimu afundishaye Unyiha au Unyamwanga huenda akaletewa na mwanafunzi kikuku cha kale, kilichotoka katika kasha la bibi yake. Akikitazama upesi ataona waya iliyozungushwa tu, tena imekwisha kuingia kutu ya kijani. Akikitazama kwa makini ataona ya kuwa waya ile ni nyembamba kama uzi wa kushonea, mizunguko yake imebanana bila nafasi, na ndani yake mna singa za mkia wa mnyama. Ndipo atakapouliza: nani aliyekifanya, kilikuwa na maana gani kwa aliyekivaa, nacho kilipatikana kwa bei gani? Maneno haya yameandikwa ili kumsaidia mwalimu kujibu maswali hayo matatu, na hasa la tatu, ambalo watu hulisahau.

Nchi tunayoisema ni ile iliyo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania. Tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe. Zamani ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Wenyeji wake ni Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, Wandali na Walambya wa Ileje, pamoja na wengine. Mpaka waliopatana Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890 ulipita katikati ya Wanyamwanga, ukawaacha ndugu hawa upande wa Tunduma na wale upande wa Nakonde. Lakini mapambo hayakuujua mpaka huo. Shaba nyekundu ilitoka Katanga, gamba jeupe lilitoka bahari ya Hindi, ushanga ulitoka Venice katika nchi ya Italia, nacho chuma kilitoka katika udongo wa pale pale. Mtu mmoja aliweza kuvaa vyote vinne.

Na tuanze na chuma, maana ndicho kilichokuwa mali ya wenyeji wenyewe. Wanyiha, kama Wafipa walio magharibi yao, walikuwa wahunzi mashuhuri. Tanuru la kuyeyushia lilijengwa kwa udongo, likapita kimo cha mtu. Kwa Wafipa matanuru hayo huitwa malungu. Hayakuhitaji mivuo: matundu yaliachwa chini kuzunguka pande zote, hewa ikaingia yenyewe na kupanda pamoja na moto. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi, ila donge lililochanganyika na takataka, nalo lilipelekwa katika tanuru dogo la pili. Huko ndiko mivuo ilikotumika. Kazi hii ilikuwa na miiko yake, kama ilivyokuwa kwa wayeyushaji wengi wa Afrika, na mmoja ni kwamba mwenye kuyeyusha alijitenga na mkewe mpaka kazi iishe. Beverley Brock na P. W. G. Brock walichapisha habari za uhunzi wa Wanyiha mwaka 1965, na yafaa mwalimu wa Mbozi ajue ya kuwa habari za wazee wake zimesomwa mbali.

Jembe na shoka vilitangulia, pambo likafuata. Lakini pambo ndilo lililopima ustadi wa mhunzi. Ili kupata waya, fimbo nyembamba ya shaba au ya chuma hufuliwa kwa nyundo hata ncha yake iwe kali. Ncha ile hupitishwa katika tundu la bamba la chuma, ikashikwa kwa koleo upande wa pili na kuvutwa kwa nguvu. Kisha hupitishwa katika tundu lililo dogo zaidi, na lingine dogo kuliko hilo, na mara kwa mara hutiwa motoni ili madini yalegee, yasikatike. Waya ikiisha kuwa nyembamba huzungushwa juu ya singa za mkia wa ndovu au wa ng'ombe, ama juu ya nyuzi za mimea, mzunguko ukigusa mzunguko, hata singa zisionekane. Kikuku cha namna hiyo hupindika bila kuvunjika. Kimoja pekee ni kitu chepesi, lakini havikuvaliwa kimoja kimoja. Vilipangwa vingi juu ya mguu au mkono, hata mguu ukafunikwa na kupata umbo jingine.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1960, watu waliokuwa wakijenga matangi ya maji mahali paitwapo Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi katika nchi ya Zambia, walifukua makaburi ya kale. Baadhi ya waliozikwa humo walikuwa na vikuku vya waya ya shaba mikononi na miguuni, ushanga wa dhahabu na wa kioo shingoni, na magamba meupe ya baharini. Kando ya baadhi yao ziliwekwa nyundo, koleo, na mabamba yenye matundu ya kuvutia waya. Wataalamu waliopima miaka ya karibu husema makaburi hayo ni ya karne ya 15 hadi ya 17. Na tulitafakari jambo hili: aliyezikwa pamoja na pambo alizikwa pia pamoja na chombo cha kulifanyia. Watu wale hawakuona haya kumheshimu mkubwa kwa vyombo vya fundi.

Sasa tuje katika maana yake. Mchongaji wa kinyago huchonga mti, akamaliza, akauweka mahali, na watu huja kuutazama. Mhunzi wa vikuku alifanya kazi ya kuumba vile vile, lakini mahali alipoiweka ni mwili wa mtu aliye hai. Kwa hiyo alipima kifundo cha mtu fulani, wala si kifundo cho chote. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mpaka Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika jina la kitindi, yaani masongo ya waya nene yaliyouzungusha mkono, na jina la masango, yaani waya ya shaba iliyoletwa na misafara. Mwenye kuvaa masongo mazito hawezi kutupa mkono ovyo, wala hawezi kukimbia. Uzito humfundisha mwendo wa utulivu, na watu wakiuona mwendo ule hujua ya kuwa huyu si mtu wa kuchukua mizigo. Njuga za chuma nazo husikika kabla mvaaji hajaonekana. Basi kazi ya mhunzi haikutazamwa tu. Ilisikika pia, na aliyeivaa aliisikia katika mifupa yake.

Juu ya hayo yote lilisimama gamba jeupe. Katika bahari ya Hindi yuko konokono mwenye gamba lenye umbo la pia. Upande wake mpana hukatwa na kusuguliwa hata uwe duara jeupe, na juu ya duara hilo uko mstari uzungukao kuelekea katikati, aliouchora mnyama mwenyewe alipokuwa akikua. Katika lugha nyingi za Zambia pambo hili huitwa mpande. Fundi haongezi ila tundu la kupitishia uzi. Katika nchi nyingi za bara lilikuwa alama ya utawala, likavaliwa shingoni au juu ya paji la uso, wala haikuwa ruhusa kila mtu kulivaa.

Mwezi wa Januari mwaka 1854 David Livingstone alifika kwa Shinte, mtawala wa Walunda, magharibi ya Zambia ya sasa. Kabla hawajaachana, Shinte alimvika shingoni gamba la namna hii, liwe ushahidi wa urafiki. Livingstone aliandika katika kitabu chake ya kwamba wakati ule magamba mawili yalitosha kununua mtumwa mmoja, na matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya paundi 10.

Hapa ndipo swali la bei linapotuchoma. Konokono wa pwani alikufa bila thamani kubwa. Lakini kwa kila siku ya safari kwenda bara gamba lake lilipanda bei, hata mawili yakawa sawa na mtu. Hatusemi ya kuwa kila gamba lilinunuliwa kwa mtu. Mengi yalirithiwa, mengine yalitolewa zawadi, na mengine yalipatikana kwa chumvi, kwa majembe au kwa pembe. Lakini mahali ambapo pambo na mtu hupimwa katika mizani moja, hakuna pambo lisiloguswa na mizani hiyo.

Nchi ya Songwe ilikuwa katika njia ya mambo hayo. Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 kutoka Nyasa kwenda Tanganyika, alikatiza Unyiha na Unyamwanga. Katika miaka ya 1880 Mlozi, mfanyi biashara wa watu wa pwani, alijenga boma lake karibu na Karonga. Alipigana na Waingereza wa kampuni ya maziwa tangu mwaka 1887, akanyongwa mwezi wa Desemba mwaka 1895. Upande wa mashariki Wasangu wa Merere walikuwa wakivamia majirani. Wanyiha wakakaa katika vijiji vilivyozungushiwa boma. Misafara ilileta nguo, baruti, masango na ushanga, ikarudi na pembe na watu. Burton anataja ushanga mwekundu ulioitwa samesame, ambao watu wa bara waliupa jina lenye maana ya kivunja-mji, kwa kuwa wake waliutamani hata wakawafilisi waume zao. Watu hulicheka jina hilo. Lakini katika miaka ile miji ilivunjika kweli kweli, wala hawakuwa wanawake walioivunja.

Basi kazi ya wahunzi ilikwishaje? Kwanza, waya iliyokwisha kuvutwa ilikuja kutoka ng'ambo, nayo ilikuwa rahisi kuliko ile iliyovutwa kwa jasho. Pili, jembe la dukani lilimwondolea myeyushaji riziki yake. Na tanuru likizimwa, mwana hajifunzi. Tatu, huko Ulaya magamba ya mpande yaliigwa kwa kauri na kioo, na baadaye kwa plastiki, hata alama ya mtawala ikauzwa kama kifungo cha shati. Nne, na hili latuhusu sisi, zilikuja misheni. Wamoraviani walianza Rungwe mwaka 1891, na Traugott Bachmann akafungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Kote katika Afrika Mashariki mwongofu alitakiwa kuvua hirizi, na hilo lina sababu yake. Lakini mara nyingi aliyeamuru hakupambanua, na pambo likavuliwa pamoja na hirizi. Vitu vingi vya namna hii vimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Hata katika mji wa Herrnhut, Ujerumani, iko nyumba iliyoanzishwa mwaka 1878 kwa vitu vilivyokusanywa na wamisionari wa Kimoraviani katika nchi mbalimbali.

Kwa hiyo, ndugu waalimu, tujifunze kupambanua. Kitu kimoja kilichovaliwa shingoni chaweza kuwa hirizi, yaani kinga dhidi ya uovu. Ama alama ya cheo. Ama akiba, yaani mali isiyooza, ambayo siku ya njaa au ya mahari huvuliwa na kutolewa. Ama uzuri mtupu, ulioumbwa kwa furaha ya mkono. Mara nyingi ni haya mawili au matatu kwa pamoja. Asemaye ni ushenzi hajauliza. Naye asemaye ni uzuri wa kale tu, akakitundika ukutani na kukisifu, hajauliza vile vile. Wa kwanza amemdharau mhunzi; wa pili amemsahau mtu aliyekuwa upande wa pili wa mizani. Twapaswa kuwakumbuka wote wawili, mhunzi na mateka, maana walipita katika njia moja.

Njia hiyo ingali wazi. Mwalimu akisimama leo Tunduma ataona malori yakipanga mstari mrefu mpakani, na mengi yamebeba shaba ya Zambia na ya Katanga, iliyofanywa mabamba mazito, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Ni shaba ile ile iliyokuwa ikipita kwa mabega ya watu. Tofauti ni kwamba zamani sehemu yake ilisimama njiani, ikaingia motoni, ikavutwa tundu kwa tundu, ikawa kikuku cha mtu mwenye jina. Na sasa hupita bila kusimama, na kando ya barabara wasichana hununua bangili za plastiki.

Mtoto akileta kikuku cha bibi yake shuleni, asiambiwe akirudishe kasha. Aulizwe jina lake katika lugha ya nyumbani, nani alikivaa, na kilitolewa kwa nini. Akiwa hajui, atumwe kwa bibi yake akaulize, na jibu liandikwe siku ile ile kwa maneno ya bibi mwenyewe. Kikuku kitadumu miaka mingi, kwa kuwa ni shaba. Lakini bibi ajuaye bei yake hatadumu.